Viini vya kuoza meno tunavyo sote, lakini sukari ndiyo huviamsha

Mtoto alikuwa na umri wa miaka saba na shavu lake la kulia lilikuwa limevimba hadi jicho likawa dogo. Mamake, mchuuzi wa mboga katika soko la Chwele, alikuwa amembeba mgongoni ingawa ni mtoto mkubwa, kwani kwa siku mbili hakuwa amelala wala kutia kitu kinywani ila chai. Nilipommulika kwa tochi niliona gego moja la chini limebaki ganda tu, na ufizi ulio kando yake umetunga usaha.

"Daktari, ni mdudu," mama akaniambia. "Shosho yake alimfukiza kwa moshi wa zile mbegu, wakatoka wawili, weupe. Nafikiri kuna mwingine amebaki ndani."

Mimi hufanya kazi Kitale, lakini nyumbani kwetu ni Kabuchai, sehemu ya Kaunti ya Bungoma iliyo kati ya mji wa Bungoma na miteremko ya Mlima Elgon. Mwishoni mwa juma hutibu wagonjwa katika chumba kidogo karibu na soko hilo la Chwele. Habari za mdudu wa jino nimezisikia tangu utotoni, na sijawahi kumcheka anayezisimulia. Imani hiyo si ya Wabukusu peke yao. Watu wa Babeli waliiandika maelfu ya miaka iliyopita, na hata Ulaya iliaminiwa kwa karne nyingi. Vile vitu vyeupe vinavyoanguka wakati wa kufukiza ni chembe za mbegu zenyewe, zilizopasuka kwa joto. Mgonjwa huziona kwa macho yake, akaamini.

Jumamosi hiyo nilikuwa na msaidizi. Binti wa dada yangu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayesomea elimu ya viini katika chuo kikuu kimoja hapa nchini, alikuwa likizoni na alikuja kunishikia tochi. Mama na mtoto walipotoka kwenda kuketi nje, alinigeukia.

"Khocha," akasema (ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita mjomba), "huyo mdudu anayetafutwa na yule mama, mimi namfuga chuoni kwenye sahani."

Mdudu anayefugwa kwa sukari

Kazi yenyewe aliyopewa kama utafiti wa kumalizia masomo ni rahisi kuieleza. Anachukua kijiti chenye pamba, anakisugua kwenye jino karibu na ufizi, kisha anakipitisha juu ya chakula cha bakteria kilichogandishwa katika sahani ndogo ya plastiki. Ndani ya chakula hicho mna dawa iitwayo basitrasini, ambayo huwazuia bakteria wengi wengine na kumwacha huyu anayetafutwa. Mna pia sukari nyingi ya kawaida, karibu sehemu moja kwa tano. Sahani hutiwa katika mtungi pamoja na mshumaa unaowaka, na mtungi ukafunikwa kwa nguvu. Mshumaa ukizimika, hewa inayobaki ndiyo bakteria huyu huipenda. Baada ya siku mbili katika joto la mwili wa binadamu, nyuzi 37, hutokea madoa madogo yenye uso wa kukwaruza, mithili ya chembe za sukari nguru.

Jina lake ni Streptococcus mutans. Aliyemwelezea kwanza ni daktari J. Kilian Clarke, huko London mwaka 1924, baada ya kumtoa katika meno yaliyotoboka. Alimwita hivyo kwa kuwa umbo lake lilionekana kubadilika-badilika chini ya hadubini, mara mviringo, mara mrefu kidogo.

Ninaomba msomaji aishike ile habari ya sukari ndani ya sahani, kwa maana yote nitakayoyasema yanatoka hapo. Ukitaka kumpata kiumbe huyu kwa wingi, humwekei nyama wala mboga. Unamwekea sukari.

Mtu wa kwanza kulionyesha jambo hili vizuri alikuwa Mmarekani, Willoughby Miller, daktari wa meno aliyefanya kazi Berlin na kujifunza katika maabara ya Robert Koch, yule aliyegundua kiini cha kifua kikuu. Miller alichukua meno yaliyong'olewa akayaweka katika mate pamoja na mkate au sukari, nayo yakalainika na kuharibika. Alipoyaweka katika mate pamoja na nyama, hayakudhurika hivyo. Kitabu chake alikichapisha mwaka 1890. Alieleza kwamba bakteria hawali jino kama dumuzi anavyokula mahindi. Hula wanga na sukari tunayobakiza kinywani, wakatoa asidi, na asidi hiyo ndiyo huyeyusha jino. Hadi leo maelezo hayo yanakubaliwa kwa jumla.

Ikabaki kujulikana kama bakteria ni lazima, au sukari peke yake inatosha. Mwaka 1954 Frank Orland na wenzake nchini Marekani walitoa habari za panya waliolelewa bila kiini chochote mwilini, tangu kuzaliwa, ndani ya vyumba vilivyofungwa kabisa. Panya hao walilishwa sukari tele na meno yao hayakuoza hata moja. Wenzao waliolishwa chakula kicho hicho huku wakiwa na bakteria walioza meno. Mwaka 1960 Paul Keyes akaonyesha kwamba ugonjwa huo huweza kuambukizwa kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine.

Kwa hiyo ni kweli kwamba kuoza meno kunatokana na viini. Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo hata baadhi yetu madaktari hukosea.

Afrika ilitoa jibu la upande wa pili

Katika miaka ya 1980 watafiti walichunguza mate ya watoto wa nchi kadhaa za Afrika. Msumbiji, mwaka 1985, na Sudan, muda mfupi baadaye, walimpata bakteria yule kwa wingi katika vinywa vya watoto ambao meno yao yalikuwa mazima au yametoboka kidogo tu. Hapa Kenya pia vijana walipimwa mate, na matokeo yakachapishwa mwaka 1989: mutans alikuwamo katika vinywa vya wengi wao, wakati ule ambapo matundu ya meno mashambani yalikuwa machache yakilinganishwa na ya watoto wa Ulaya wa miongo iliyotangulia.

Watoto hao hawakuwa na dawa ya kumwua bakteria, na wengi hawakuwa na mswaki wa dukani. Walichokikosa zaidi ni sukari ya mara kwa mara. Panya wa Orland walikuwa na sukari bila viini, meno yakapona. Watoto wa Msumbiji walikuwa na viini bila sukari nyingi, meno yakapona vilevile.

Elimu ya siku hizi imeongeza kwamba mutans hafanyi kazi peke yake. Kinywa kina zaidi ya aina 700 za bakteria, na mtaalamu wa Uingereza Philip Marsh alieleza mwaka 1994 kwamba kuoza kwa meno hutokea pale mazingira ya kinywa yanapobadilika, wale wanaopenda asidi wakanenepa na wale wapole wakafa. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walimwongeza mshirika mwingine katika orodha hiyo, Selenomonas sputigena, ambaye zamani alidhaniwa kuwa wa ufizi tu. Orodha itazidi kurefuka. Kinachobadilisha mazingira ni kile kile.

Mambo hutokea upesi kuliko tunavyodhani. Ukimeza funda la chai tamu, asidi huanza kupanda katika utando ulio juu ya meno kwa dakika chache tu. Kipimo cha asidi kikishuka chini ya 5.5, madini ya jino huanza kutoka. Kisha mate hufanya kazi yake, yakaosha, yakapunguza ukali, yakarudisha madini kiasi, na hali hutulia baada ya nusu saa hivi au zaidi. Jino lina uwezo wa kujirekebisha ikiwa litapewa nafasi. Mutans naye ana hila nyingine: sukari hiyo hiyo huigeuza gundi, akajibandika nayo, ndiyo maana kusukutua kwa maji hakumng'oi.

Sasa tuhesabu. Anayekunywa chai tamu mara mbili kwa siku, pamoja na chakula, ameyapa meno yake mashambulizi mawili. Anayeonja soda kidogo kidogo tangu saa nne hadi saa tisa, akafuatisha mandazi, kisha peremende ndani ya matatu, hayapi nafasi kabisa, hata ikiwa jumla ya sukari aliyokula ni ile ile. Hili lilithibitishwa Uswidi kati ya mwaka 1945 na 1955 katika hospitali ya Vipeholm, ambako wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa tofi za kunata baina ya milo hadi wengi wakaharibika meno. Utafiti ule uliifunza dunia jambo kubwa, lakini ulifanywa kwa watu wasioweza kukataa, na mimi huwa siutaji bila kuliongeza hilo. Mpwa wangu leo hawezi kuchukua hata tone la mate kabla mtu hajatia sahihi kwamba ameelewa na amekubali.

Nilipokuwa mtoto Kabuchai, sukari ilikuwa kitu cha wageni. Ilifungwa katika karatasi na kuwekwa juu ya kabati. Kiwanda cha Nzoia kilianza kusaga miwa mwaka 1978, na mashamba mengi ya kwetu yakawa ya miwa, pamoja na mitambo midogo ya sukari nguru. Simlaumu mkulima, miwa ilitusomesha wengi. Nasema tu kwamba yale maji ya chai yenye vijiko vinne kwa kikombe, anayopewa mtoto badala ya uji, si mila ya zamani kama tunavyojidanganya. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa na serikali mwaka 2015 ulikuta meno yaliyooza kwa asilimia 23.9 ya watoto na asilimia 34.3 ya watu wazima.

Je, virusi vinaweza kutuponya?

Swali la mpwa wangu lilikuwa hili: "Nikipata virusi vya kumwua mutans, watu hawataacha kung'olewa meno?"

Msomaji asishtuke. Kuna virusi visivyomdhuru binadamu ila huwashambulia bakteria tu. Vilitambuliwa na Frederick Twort mwaka 1915, na Félix d'Hérelle akavipa jina la bakteriofaji mwaka 1917, maana yake walaji wa bakteria. Sehemu ya pili ya utafiti wa binti huyu ni kuvitafuta. Huyachuja mate au maji machafu kwa kichujio chenye vitundu vidogo mno, ambavyo bakteria hawezi kupita lakini virusi hupita. Maji yaliyochujwa huyatia juu ya sahani iliyofunikwa yote na mutans. Penye virusi, pataonekana duara safi lisilo na kitu, kama shamba la nyasi lililoungua mahali pamoja.

Aliniambia kwamba hadi siku ile alikuwa hajaona duara hata moja. Nilimpa moyo, kwa kuwa hata maabara kubwa za ng'ambo zimetafuta katika mate ya watu wengi na kuvipata kwa nadra. Vichache vinajulikana, vimechunguzwa hadi chembe zao za urithi. Lakini hakuna dawa ya meno ya virusi hivyo inayouzwa kwa mgonjwa, na akitokea mtu sokoni na chupa yake, mkimbie. Chanjo nayo imejaribiwa tangu miaka ya 1970, kwa nyani na wanyama wengine, na bado haijafika kwa watu.

Hata vikipatikana, nina wasiwasi wangu. Ukimwondoa mutans na kuiacha sukari mezani, kuna aina nyingine zinazotengeneza asidi zitakazokaa kwenye kiti chake. Nilimwambia hivyo, naye hakupendezwa. Akanijibu kwamba wazee wa udaktari walisema vivyo hivyo kuhusu mambo mengi. Huenda ana haki.

Virusi vinavyonitia hofu kinywani ni vingine. Homa ya ini aina ya B huenea kwa damu, na koleo lililong'oa jino la mtu mmoja likafutwa kwa kitambaa na kuingizwa kwa mwingine laweza kuibeba. Katika masoko yetu wangali wapo wang'oaji wa namna hiyo. Kufuta kwa spiriti hakutoshi. Vyombo lazima vitakaswe kwa mvuke wa moto mkali ndani ya mtambo maalum. Mgonjwa ana haki ya kuuliza vimetakaswa vipi, na asiyetaka kujibu hafai kukushika kinywani.

Yanayowezekana nyumbani

Mzazi mmoja aliniuliza kama bibi aache kumwonjea mjukuu uji, kwa kuwa bakteria hupita katika mate. Ni kweli hupita, na uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1993 ulionyesha kwamba watoto wengi humpata kati ya miezi 19 na 31, aghalabu kutoka kwa mama. Kumtafunia mtoto chakula si jambo zuri, kwa sababu hii na nyinginezo. Hata hivyo siwezi kuwatenganisha watoto na nyanya zao kwa ajili ya kiini watakachokipata siku moja tu. Ningependa zaidi chupa ya maziwa yenye sukari isimfuate mtoto kitandani, kwani usiku mate hupungua na meno hukaa ndani ya asidi hadi asubuhi.

Sukari iliyo kwenye chai, soda, maji ya matunda na asali huhesabiwa pamoja. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazozipata katika chakula, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani vijiko sita hivi vya chai kwa siku kwa mtu mzima. Ukipenda kitu kitamu, kile pamoja na chakula na ukimalize. Baina ya milo, kunywa maji.

Mswaki usitumike mara moja tu asubuhi. Usiku kabla ya kulala ndio wakati wenye faida zaidi. Dawa ya mswaki iwe na floraidi, na sanduku lake liandikwe kiwango cha kati ya 1000 na 1500. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele, na kuanzia hapo hadi miaka sita kiasi cha punje ya njegere. Ateme povu, lakini asisukutue kwa maji mengi, maana ataiondoa floraidi yote. Wasomaji wa Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa wataniuliza kuhusu meno ya kahawia. Yale hutokana na floraidi kuzidi katika maji ya kunywa wakati meno yakiumbika, nalo ni tatizo tofauti na kuoza.

Tundu likishatokea, karafuu hutuliza maumivu kwa muda tu. Tumbaku na mafuta ya taa huunguza ufizi. Vidonge vya kuua viini vinavyonunuliwa viwili viwili dukani haviwezi kuziba tundu. Tena, uvimbe ukishuka chini ya taya, mtu akashindwa kumeza au kufungua kinywa, au akawa na homa na kupumua kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usaha wa jino ukiingia shingoni huziba njia ya pumzi, na watu hufa kwa jino.

Wengi huchelewa kwa kuogopa mashine inayovuma. Wajue kwamba kuna njia ya kuziba isiyotumia mashine wala umeme. Ilianzishwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980: sehemu laini iliyooza hukwanguliwa kwa vyombo vya mkono na tundu kujazwa saruji maalum inayoshikana na jino na kutoa floraidi. Ipo pia dawa ya maji yenye fedha na floraidi ambayo hupakwa na kuzuia tundu lisiendelee, ingawa huacha doa jeusi. Vyote viwili viliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima.

Yule mtoto wa Chwele nilimtoa usaha, nikampa dawa, na siku ya Jumatatu jino likang'olewa kwa ganzi katika hospitali ya Bungoma. Mamake alidhani basi, yamekwisha, ni jino la utoto, litaota jingine. Nilimwonyesha kwa kioo kidogo gego lililo nyuma ya lile pengo. Hilo huota karibu na umri wa miaka sita, halitanguliwi na jino la utoto, wala halina mbadala. Lilikuwa tayari na kitundu cha kahawia. Lilizibwa wiki mbili baadaye.

Kabla ya kurudi chuoni, mpwa wangu aliwaomba watu wa nyumbani ruhusa ya kuchukua mate. Wa kwanza kukubali alikuwa mama yangu, ambaye umri wake umepita miaka themanini na meno yake ni mengi kuliko yangu. Juzi binti huyo alinipigia simu. Sahani ya kukhu, akasema, imejaa mutans kama ya mtu mwingine yeyote. Nilimpelekea mama habari hizo. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama ni hao ndio waliomla yule mtoto wa mboga. Nikamwambia ni hao. Kisha akataka kujua mtoto yule hunywa chai vikombe vingapi.